Seva ya Akiba Ishike Zamu Kweli: Hotuba kwa Mafundi wa Mitandao, Chake Chake

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wakuu wa vitengo, mafundi wenzangu wa Unguja na Pemba, na nyinyi vijana mnaoisomea kazi hii, nakusalimuni nyote kwa heshima.

Mada ya leo ni seva mbili za kusimamia mtandao, moja ikiwa kazini na nyengine ikingoja, na yale yanayokwenda kombo pale inayongoja inapotakiwa ishike zamu. Neno ninalotaka mlichukue ni hili: mara nyingi seva ya akiba hushika zamu vizuri kabisa, na usimamizi ukafa vilevile. Ukurasa unafunguka, alama ya kijani inaonekana, lakini swichi za Wete hazimjibu mgeni huyu, trapu (taarifa ambazo kifaa hutuma chenyewe) zinakwenda kwenye mashine iliyozimika, na ujumbe haufiki kwenye simu ya fundi wa zamu. Kasoro aghalabu iko katika vitu vilivyoizunguka seva. Kwa hiyo unapoitafuta, anza kwenye kifaa kinachosimamiwa, fuata njia ya taarifa hatua kwa hatua mpaka simu ya fundi ilie. Ukianza kwenye seva utaridhika mapema mno.

Nitaeleza kwa mfano wa Zabbix, programu ya kusimamia mitandao, ikiwa juu ya Linux na hifadhidata ya PostgreSQL. Toleo la 6.0, lililotoka mwaka 2022, ndilo la kwanza kuwa na utaratibu wake wenyewe wa kupokezana zamu, na ndilo ninalolikusudia pamoja na yaliyofuata. Anayetumia programu nyengine atakuta amri zimebadilika, lakini maradhi ni yaleyale.

Kwanza, kwa nini seva moja Unguja na moja Pemba? Unguja inaletewa umeme kwa waya wa baharini unaotoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Pemba, tangu mwaka 2010, inaletewa wake kutoka Tanga. Wenye umri wanaikumbuka Mei 2008, Unguja ilipokaa gizani kiasi cha mwezi mzima, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Waya ule ukiharibika leo, seva ya Pemba inabaki na umeme wake, na hilo ni jambo la kushukuru. Ila tusijidanganye: nyaya zote mbili zinatoka katika gridi moja ya taifa. Gridi ikianguka, visiwa vyote viwili vinazimika pamoja, na hapo kinachokuokoa ni betri na jenereta, si seva ya pili.

Na bahari ile inayotenganisha njia za umeme ndiyo inayotenganisha seva zetu. Kiungo kati ya visiwa kinaweza kukatika huku seva zote mbili ziko hai. Kila moja inaita, haijibiwi, inaamua kwamba mwenzake amekufa. Wazee wa pwani walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama, na hapa wawili tu wanatosha. Kila seva inaandika historia yake, kila moja inatuma tahadhari zake, na kiungo kinaporudi una hifadhidata mbili zinazopingana ambazo hakuna amri ya kuziunganisha. Itabidi uchague moja uitupe nyengine pamoja na yote yaliyoandikwa ndani yake.

Zabbix inajikinga hivi. Kila seva, au nodi, inajiandikisha kwenye jedwali la `ha_node` ndani ya hifadhidata moja ya pamoja, na kila baada ya sekunde 5 inaandika kwamba iko hai. Nodi iliyo kazini ikinyamaza kwa dakika 1, iliyo akiba inashika zamu. Muda huo unaweza kuupanga kati ya sekunde 10 na dakika 15. Upande wa pili, nodi iliyo kazini ikipoteza hifadhidata inatakiwa isimamishe kazi zake na kujishusha cheo sekunde 5 kabla muda huo haujatimia. Mradi hifadhidata ni moja, manahodha wawili hawapatikani.

Basi mkiwaona wawili, yaani tahadhari zinafika mara mbili na kila ukurasa unadai seva yake ndiyo kubwa, mtuhumiwa wa kwanza ni mstari wa `DBHost` ndani ya `zabbix_server.conf`. Fundi alinakili faili kutoka seva ya kwanza, na ndani yake mmeandikwa `localhost`. Seva ya pili ikafungua hifadhidata iliyo juu ya mashine yake mwenyewe, ikatazama jedwali la `ha_node`, ikajikuta peke yake, ikajitawaza. Ingia kwenye hifadhidata ya kila upande utoe amri hii:

`select name, address, status, lastaccess from ha_node;`

Majibu ya pande zote mbili lazima yawe na nodi zilezile mbili. Hali ya 3 ni kazini, 0 ni akiba, 1 imesimamishwa kwa amri, 2 haipatikani. Ukiona kila upande una nodi moja tu yenye 3, umeshapata ugonjwa. Na kama hifadhidata ya upande wa pili ni nakala ya kusomwa tu, dalili ni nyengine: seva haipandi cheo hata kidogo, na logi inajaa malalamiko kwamba haiwezi kuandika ndani ya hifadhidata isiyoandikika. Sababu ni mstari uleule.

Hapa lazima niseme jambo ambalo mipango mingi inalisahau. Utaratibu wa Zabbix unalinda seva ya Zabbix peke yake, haulindi hifadhidata. Ukiwa na nodi mbili na hifadhidata moja iliyokaa Unguja, siku mashine ya hifadhidata inapozimika una nodi mbili nzima zisizo na pa kuandika. Hifadhidata nayo inataka mpango wake wa kupokezana, na mpango huo unataka akidi, yaani wingi wa kura.

Akidi haipatikani kwa wawili. Wakiwa wawili na kiungo kikakatika, kila mmoja ana kura moja kati ya mbili, na hakuna mwenye wingi. Lazima awepo wa tatu, shahidi. Kwa anayetumia Patroni, programu ya kupokezanisha zamu za PostgreSQL, pamoja na etcd inayoipigia kura, shahidi ni mashine ndogo tu isiyobeba hifadhidata yoyote, inaendesha etcd na kupiga kura. Uzito wa suala hili uko kwenye mahali inapokaa. Ukimweka shahidi Unguja, kwenye chumba kilekile cha seva ya kwanza, umeme wa chumba ukikatika unapoteza kura mbili kwa mpigo, na Pemba yenye kura moja haitathubutu kushika zamu. Mafundi wataona seva ya Pemba ni nzima, hifadhidata ni nzima, na bado haipandi. Itakuwa imefanya sawasawa na ilivyoamriwa. Shahidi anafaa akae mahali pa tatu, bara kwa mfano, kwa sharti kwamba njia ya kutoka Pemba hadi kwake haipitii kwanza Unguja. Kaeni na mchoro wa mkongo, mfuatilie kila njia kwa kidole kabla ya kununua mashine. Njia mbili zenye majina mawili kwenye karatasi huweza kupita ndani ya kebo moja.

Shahidi akiwa mbali, masafa yana gharama yake. Kwa kawaida etcd inapiga mapigo kila milisekunde 100 na kungoja milisekunde 1000 kabla ya kuitisha uchaguzi. Pimeni muda wa kwenda na kurudi kati ya pande zote tatu wakati kiungo kimejaa, mchana wa siku ya kazi, msipime saa nane za usiku. Mapigo yalingane na muda huo, na muda wa kuitisha uchaguzi usiwe chini ya mara 10 ya muda huo. Mkiacha namba za awali juu ya kiungo kizito, kiongozi atabadilika badilika bila sababu, na mabadiliko yakizidi Patroni huweza kuishusha hifadhidata kuu, Zabbix ikakatiwa hifadhidata kwa muda.

Kuna mpangilio mmoja zaidi wa Patroni unaowasumbua watu, nao ni `maximum_lag_on_failover`. Kiwango chake cha awali ni baiti 1048576, yaani megabaiti 1. Nakala iliyobaki nyuma kuliko hapo hairuhusiwi kupanda cheo. Hifadhidata ya Zabbix inaandikwa mfululizo usiku na mchana, kwa hiyo kiungo kikiyumba kidogo tu kabla ya seva kuu kuzimika, nakala ya Pemba inakuwa imeshapita kiwango hicho, na hakuna anayeshika zamu. Angalia kwa `patronictl list`, safu ya Lag inaonyesha nakala imebaki nyuma kiasi gani. Kwa usimamizi wa mtandao, maoni yangu ni kwamba kupoteza dakika chache za grafu ni bora kuliko kukosa usimamizi, kwa hiyo kipandisheni kiwango hicho kwa hesabu: pima megabaiti zinazoandikwa kwa dakika moja, zidisha kwa dakika mlizo radhi kuzipoteza. Kwa hifadhidata ya malipo nisingesema hivyo.

Sasa turudi kule nilikosema tuanzie, kwenye kifaa.

Chukua swichi moja ya mbali, tuseme iliyoko Konde, uiulize kwa SNMP, itifaki ya kuuliza hali ya vifaa, ukiwa juu ya seva ya akiba yenyewe. Usiulize kutoka kompyuta yako ya mkononi, na usiridhike na ping. Kama jibu halirudi, fungua usanidi wa swichi utazame orodha ya anwani zinazoruhusiwa kuuliza. Mara nyingi mna anwani moja tu, ya seva kuu, iliyoandikwa siku mtandao unajengwa, kabla seva ya pili haijafikiriwa. Wengi hudhani wamejikinga kwa kuwa wameiruhusu anwani ya pamoja, ile inayohama baina ya seva. Haisaidii. Seva inapouliza inatumia anwani yake halisi, na anwani ya pamoja hutumika kupokea tu. Kwa hiyo anwani halisi za seva zote mbili lazima ziwemo kwenye kila swichi, kila ruta, kila kidhibiti cha betri na kila faiwoli iliyo njiani, kwa poti 161 ya UDP. Kasoro hii moja pekee inatosha kuifanya seva ya akiba itangaze kwamba kisiwa kizima kimezimika dakika moja baada ya kushika zamu. Fundi aliyepo zamu, akiona vifaa vyote vyekundu kwa wakati mmoja, na aikumbuke kabla hajapanda gari.

Kwenye mashine zenye ajenti ya Zabbix, programu ndogo inayotoa taarifa za mashine, tatizo la namna hiyo linajificha ndani ya alama ndogo. Mstari wa `Server`, unaosema nani anaruhusiwa kuja kuuliza, unatenganisha anwani kwa mkato. Mstari wa `ServerActive`, unaosema ajenti ipeleke wapi taarifa zake, unatenganisha nodi za kundi moja kwa nukta-mkato:

`Server=10.20.0.11,10.30.0.11`
`ServerActive=10.20.0.11;10.30.0.11`

Ukiweka mkato kwenye mstari wa pili, ajenti inaelewa kwamba una mifumo miwili tofauti na inajaribu kuihudumia yote kila wakati, nodi iliyo akiba haiipokei, na logi inajaa makosa yasiyo na maana. Hakikisheni pia ajenti yenyewe ni ya toleo la 6.0 au jipya zaidi.

Trapu zina mkasa wake. Hizi kifaa kinazituma chenyewe kupitia poti 162 ya UDP, hakingojei kuulizwa, na zikipotea hazirudii. Namna iliyo salama zaidi ni kila kifaa kutuma trapu kwa seva zote mbili, na `snmptrapd` iwe inafanya kazi kwenye zote mbili muda wote. Swichi nyingi zinakubali wapokeaji zaidi ya mmoja, ni mstari mmoja wa ziada. Mkitumia trapu za SNMPv3, watumiaji waundwe kwenye seva zote mbili kwa kitambulisho cha kila kifaa, maana kunakili faili la usanidi peke yake huenda kusitoshe: `snmptrapd` inapoanza inawahamishia watumiaji hao kwenye faili lake la ndani.

Anayepeleka trapu kwenye anwani ya pamoja lazima ajue kwamba anwani ile na cheo cha Zabbix ni vitu viwili vinavyohama kila kimoja kwa wakati wake. Anwani inahamishwa na programu ya Keepalived, cheo kinahamishwa na Zabbix. Anwani ikibaki seva ya kwanza na Zabbix ikahamia ya pili, trapu zote zinaangukia pasipo msomaji, na kila kitu kwenye ukurasa kinaonekana kizima. Vifungeni pamoja: skripti ya Keepalived iangalie kama poti 10051 iko wazi kwenye mashine yenyewe, kwa sababu nodi iliyo akiba haiifungui poti hiyo mpaka ipande cheo. Skripti inayoangalia tu kama mchakato wa `zabbix_server` upo haina faida yoyote hapa, mchakato upo pande zote mbili.

Na hesabu ya vipaumbele ifanywe kwa kalamu. Ukiipa seva ya kwanza 150 na ya pili 100, kisha skripti ikapunguza 20 inaposhindwa, ya kwanza inabaki na 130 na anwani haihami. Weka 110 na 100, upunguze 20, ibaki 90, hapo itahama.

Kwa kuwa nimeitaja Keepalived, tumalize habari yake. Inatumia VRRP, itifaki nambari 112, na matangazo yake yanakwenda kwa 224.0.0.18 mara moja kila sekunde. Wa pili akikosa matangazo kwa vipindi vitatu pamoja na nyongeza ndogo inayotokana na kipaumbele chake, anajitangaza mkubwa. Kwa kipaumbele cha 100 nyongeza ni 156 gawanya kwa 256, kwa hiyo jumla ni kama sekunde 3.6. Anwani ya pamoja inafanya kazi ndani ya mtandao mmoja tu, swichi moja au swichi zilizounganishwa moja kwa moja. Msijaribu kuivusha bahari juu ya kiungo kinachopita kwenye ruta. Kati ya Unguja na Pemba tumieni anwani mbili, na Keepalived ibaki kwa seva mbili zilizo jengo moja, kwa wale wenye mpango wa namna hiyo.

Seva zote mbili zikishika anwani ya pamoja kwa wakati mmoja, sikiliza waya:

`tcpdump -ni ens192 ip proto 112`

Fanya hivyo kwenye zote mbili. Kila mmoja akisikia matangazo yake tu, kuna kinachoyazuia njiani, nje ya mashine. Kila mmoja akiyasikia ya mwenzake na bado wote wawili ni wakubwa, mtuhumiwa ni faiwoli ya Linux yenyewe, kwani `tcpdump` inasikia kabla ya faiwoli, na watu hufungua poti za TCP na UDP wakasahau kwamba itifaki 112 haina poti. Ukisikia anwani ngeni inatangaza nambari ileile ya kundi (`virtual_router_id`), basi kuna ruta au seva nyengine kwenye mtandao huo inayotumia nambari yako. Nambari 51 imenakiliwa kutoka kwenye mifano kila mahali, chagueni nyengine.

Iko hali ya tatu, nayo inawachanganya hata wazoefu: manahodha wawili kwa nusu dakika tu, kila mashine inapowashwa, halafu mambo yanatulia. Chanzo ni poti ya swichi. Swichi yenye ulinzi wa mzunguko (STP) inaizuia poti kwa sekunde 15 za kusikiliza na 15 za kujifunza kabla ya kuipitisha. Seva iliyowaka inaona waya uko hai, inangoja sekunde 3.6, haisikii kitu, inajitawaza. Iwekeni poti ya seva kuwa ya pembeni (edge), ipitishe papo hapo, au mwongeze `vrrp_startup_delay` kwenye usanidi wa Keepalived. Na kama anwani imehama vizuri lakini baadhi ya watu hawaifikii, tazameni jedwali la ARP la ruta, linalokumbuka anwani ipi iko kwenye mashine ipi. Ruta za Cisco huweza kushikilia anwani ya zamani kwa saa 4 ikiwa tangazo la mabadiliko halikuwafikia. Tuma jengine kwa mkono: `arping -U -I ens192 -c 3` ikifuatiwa na anwani ya pamoja. Likifanya kazi kwa mkono, kuna ulinzi kwenye swichi unaokula matangazo ya awali.

Ukurasa wa Zabbix nao una kiini macho chake. Taarifa zinaingia, grafu zinasogea, lakini juu kumeandikwa kwamba seva haifanyi kazi. Mistari ya `$ZBX_SERVER` na `$ZBX_SERVER_PORT` ndani ya `zabbix.conf.php` bado inaelekeza kwenye seva iliyozimika. Igeuzeni kuwa maelezo tu yasiyosomwa na programu, ukurasa utaisoma anwani ya nodi iliyo kazini kutoka hifadhidata. Hilo linahitaji `NodeAddress` iwe imejazwa sahihi kwenye kila nodi.

Yapo pia mambo yanayokaa kwenye diski, nje ya hifadhidata, ambayo hayanakiliki yenyewe. Kwanza ni `fping`, programu ambayo Zabbix huitumia kupiga ping. Seva ya akiba isipokuwa nayo, au njia yake ikiwa tofauti na iliyoandikwa kwenye `FpingLocation`, vipimo vyote vya ping vinashindwa kwa pamoja. Kisha skripti za nje, skripti za kutuma tahadhari, na faili za MIB, zinazotafsiri namba za SNMP kuwa majina. Zilinganisheni kwa `rsync -nav --checksum` kila wiki, na tofauti ikionekana iwe ni tahadhari kama nyengine.

Mwisho wa njia ni simu ya fundi. Kama ujumbe unatoka kwa modemu ya USB, modemu hiyo imechomekwa kwenye seva moja, na siku seva hiyo ikizimika imezimika nayo. Nunueni ya pili, na laini iwe ya kampuni nyengine. Kama ujumbe unatumwa kwa njia ya mtandao, mtoa huduma huenda anaikubali anwani moja tu ya umma, kwa hiyo mwandikieni mapema awaongezee ya Pemba. Na msitegemee huduma ya nje pekee. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya nchi nzima ilizorota ilhali viungo vingi vya ndani vilikuwa vizima. Tahadhari inayotumwa kwanza ng'ambo ndipo irudi Mkoani haifai kuwa njia pekee ya kumuamsha mtu.

Kuna swali ambalo Wapemba wana haki ya kuliuliza: kiungo kikikatika, Zabbix ikabaki kazini Unguja, nani anaitazama Pemba? Jibu ni proksi, msaidizi anayekusanya taarifa kwa niaba ya seva. Wekeni proksi ya Zabbix hapa Chake Chake, vifaa vyote vya Pemba viwe chini yake. Inaendelea kuuliza na kuhifadhi hata ikiwa haimwoni mkubwa, na kiungo kikirudi inapeleka yote. Lakini kwa mpangilio wa awali inahifadhi saa 1 tu. `ProxyOfflineBuffer` inakubali hadi saa 720. Kwa waya wa baharini, ambao ukiharibika matengenezo yanangoja meli na bahari tulivu, saa 1 haina maana yoyote. Anzeni na 72, mpime diski, mwongeze. Kwenye usanidi wa proksi nodi mbili zitenganishwe kwa nukta-mkato, kama kwenye ajenti. Ila mjue mpaka wake: proksi inakusanya, haitoi tahadhari. Kwa saa zote za kukatika, fundi wa Pemba hataletewa ujumbe wowote na Zabbix. Ndiyo maana nasisitiza iwepo skripti ndogo ya hapahapa, inayoendeshwa na cron kila dakika 2, yenye modemu yake, ikivipigia vifaa kumi muhimu vya kisiwa: hospitali, bandari, uwanja wa ndege, na minara inayobeba vyengine. Ni kazi ya asubuhi moja, na inamhudumia mgonjwa ambaye faili lake liko upande wa pili wa kiungo.

Sasa jaribio. Jaribio la kutoa `systemctl stop zabbix-server` na kuangalia mwenzake akishika zamu ni jaribio la njia nyepesi. Seva inaposimamishwa kwa adabu inajiandika kuwa imesimama, na mwenzake anaichukua kazi ndani ya sekunde chache. Kukatika kwa umeme hakuagi. Chomoeni waya wa umeme, na siku nyengine chomoeni waya wa mtandao peke yake huku mashine inaendelea, kwa sababu hayo ni maradhi mawili tofauti. Hakikisheni kabla yake nakala ya hifadhidata haiko nyuma na chelezo (backup) la usiku limekamilika. Shikeni saa. Andikeni nodi ilibadilika saa ngapi, thamani ya kwanza kutoka swichi ya Konde iliingia saa ngapi, trapu ya kwanza ilionekana saa ngapi (chomoeni waya wa poti moja isiyotumika ili ipatikane), na simu ililia saa ngapi. Muda wa mwisho ndio muda wenu halisi wa kupokezana. Dakika 1 ya Zabbix ni kipande chake tu.

Zamu ikishahama, msiirudishe. Iacheni seva ya pili ifanye kazi mwezi mzima, ipite chelezo za usiku, ripoti za wiki, na mvua moja ya masika. Mwezi ujao irudi ya kwanza. Seva inayobeba mzigo mwezi mmoja kati ya miwili haifichi kasoro kwa mwaka mzima.

Seva ya kwanza inapowashwa tena, isiingie kazini kabla ya mambo mawili. Saa yake iwe sawa: `chronyc tracking`, na chanzo cha saa kiwepo hapahapa visiwani ili kukatika kwa kiungo kusiipoteze. Na hifadhidata yake iwe imeshaifikia ya mwenzake. Kama iliandika kitu mwenzake alipokuwa ameshapanda cheo, itakataa kufuata mpaka irudishwe nyuma kwa `pg_rewind` au ijengwe upya. Muda wote iliokuwa imezimika, huenda seva iliyo kazini imekuwa ikimlimbikizia kumbukumbu za maandishi (WAL) zisizofutwa, kwa sababu nafasi ya nakala (replication slot) bado inamngoja. Kikomo cha limbiko hilo, `max_slot_wal_keep_size`, kwa mpangilio wa awali hakipo, na diski ikijaa seva iliyo nzima nayo inasimama. Angalieni kwa amri hii:

`select slot_name, active, pg_size_pretty(pg_wal_lsn_diff(pg_current_wal_lsn(), restart_lsn)) from pg_replication_slots;`

Wekeni kikomo kisichozidi nusu ya nafasi iliyobaki kwenye diski. Mwenzake akichelewa kupita hapo atajengwa upya, kazi ya saa chache, na Pemba itabaki inatazamwa.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Kwa wenye maswali, tuanze na wale ambao swichi zao bado zina anwani moja kwenye orodha.